Watu Walibadilika, Mipaka Ikabaki: Hotuba Kuhusu Kijiji cha Holašovice

Ndugu wasikilizaji,

Uwanja ulio katikati ya kijiji cha Holašovice una urefu wa mita 210 na upana wa mita 70. Chukua viwanja viwili vya mpira wa miguu, viunganishe goli kwa goli, na umeupata. Kuuzunguka zimejipanga kaya 23 za wakulima, na ukihesabu nyumba, maghala, mazizi na mabanda ya kupuria nafaka unafika kwenye majengo 120. Kijiji kizima ni hicho. Wakazi wake hawafiki mia mbili.

Tumekuja kueleza jambo moja: kwa nini uwanja huo, pamoja na mipaka ya viwanja vinavyouzunguka, umebaki vilevile tangu karne ya 13, ilhali watu wake wameondoka wakaja wengine mara mbili. Mara ya kwanza waliondolewa na tauni. Mara ya pili waliondolewa na siasa. Aliyekielewa kijiji hiki atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya historia ya vijijini katika Ulaya ya Kati.

Tuanze na mahali penyewe. Holašovice, jina linalotamkwa "Holashovitse", iko Bohemia Kusini katika Jamhuri ya Cheki, kilomita 15 hivi magharibi mwa mji wa České Budějovice. Eneo lenyewe ni bonde tambarare, lenye udongo mzito na mabwawa mengi yaliyochimbwa kwa mikono ya watu. Ukitazama kusini unaona misitu ya Blanský les, na juu yake mlima Kleť wenye kimo cha mita 1,084. Kijiji hakina halmashauri yake, kimewekwa chini ya Jankov, kijiji jirani. Majina ya Kicheki yanayoishia na -ovice kwa kawaida yametokana na jina la mtu, na maana yake ni "watu wa fulani". Aliyezoea kusikia mitaa ikiitwa Kwa Mtogole au Kwa Aziz Ali hatahitaji maelezo zaidi.

Kijiji kimetajwa katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1263. Mji wa České Budějovice ulianzishwa na mfalme Přemysl Otakar wa Pili mwaka 1265, kwa hiyo maandishi ya kijiji yana miaka miwili zaidi ya mji. Mwaka 1292 mfalme Václav wa Pili aliitoa Holašovice, pamoja na vijiji vingine kadhaa, kwa monasteri ya Vyšší Brod, nyumba ya watawa wa Sisteriani iliyoanzishwa mwaka 1259 karibu na mpaka wa Austria. Watawa wakakimiliki hadi mwaka 1848, yaani miaka 556 chini ya mwenye ardhi mmoja.

Hapa tutulie kidogo, maana ndipo penye ufunguo. Katika vitabu vya mwenye ardhi, kilichohesabiwa ni shamba. Kila shamba lilikuwa na nafasi yake kuuzunguka uwanja, mashamba yake ya nafaka nje ya kijiji, na mzigo wake: fedha kiasi fulani, nafaka kiasi fulani, siku kadhaa za kazi ya lazima ambayo Wacheki waliiita robota. Mkulima akifa, shamba linabaki kitabuni na deni lake. Mwenye ardhi hakuwa na faida yoyote ya kusogeza mpaka au kugawa kiwanja, kwa sababu angelazimika kuvunja hesabu nzima. Alichotaka ni kumpata mtu wa kukaa pale, aweke moto jikoni na alipe.

Basi kati ya mwaka 1520 na 1525 tauni ilipiga. Holašovice ikabaki na watu wawili. Si kaya mbili, watu wawili. Watawa wakaanza kukijaza tena kwa kuleta watu kutoka vijiji vyao vingine, na kutoka Bavaria na Austria. Kufikia mwaka 1530 wakazi waliohesabiwa walikuwa 17. Hao wageni hawakupewa ardhi mpya wala hawakupanga kijiji upya. Waliingizwa kwenye nafasi zilezile, nyuma ya mipaka ileile, wakabeba mzigo uleule uliokuwa umeandikwa. Kidogo kidogo kijiji kikawa cha Wajerumani, na jina lake kwa Kijerumani likawa Hollschowitz. Hesabu ya mwaka 1895 ilikuta Wajerumani 157 na Wacheki 19.

Anayetaka kuhakikisha haya hahitaji kusafiri. Kati ya mwaka 1826 na 1843 wapima ardhi wa dola ya Habsburg, ukoo wa kifalme uliotawala kutoka Vienna, waliipima Bohemia yote kwa ajili ya kodi, kwa skeli ya 1:2,880. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ujue vipimo vya Vienna: inchi moja kwenye karatasi ilikuwa sáh 40 ardhini, na sáh moja ni futi 6, yaani inchi 72. Zidisha 72 kwa 40. Kwa vipimo vya leo, sentimita moja ya ramani ni mita 28.8, kwa hiyo uwanja wetu unachukua sentimita 7.3 kwa 2.4. Rangi za ramani hizo zina maana. Jengo lililopakwa njano ni la mbao, linaweza kuungua. Lililopakwa nyekundu ni la mawe au matofali. Weka ramani ya namna hiyo kando ya picha ya leo iliyopigwa kutoka angani. Linganisha kwanza mistari ya mipaka, kisha majengo. Kosa la wengi ni kuanza na majengo, wakakuta yamebadilika, wakadhani na kijiji kimebadilika.

Namba za nyumba nazo ni za kusomwa kwa uangalifu. Zilianza kubandikwa Bohemia mwaka 1770 na 1771, enzi ya malkia Maria Theresa wa ukoo huohuo wa Habsburg, kwa ajili ya kuandikisha askari. Kila kijiji kilihesabiwa kwa mkupuo, na jengo lililokuja baadaye likapewa namba iliyofuata popote liliposimama. Ndiyo maana katika vijiji vya namna hii namba ndogo hufuatana pembeni mwa uwanja, kisha ghafla unakuta namba kubwa imejichomeka katikati yake. Namba kubwa hapo ni dalili ya jengo lililochelewa kuja.

Sasa tuingie ndani ya kiwanja kimoja. Kila shamba lilihitaji kuugusa uwanja, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na njia, bwawa la kunyweshea mifugo na la kuzimia moto, na karakana ya mhunzi. Ili wote waufikie, kila mmoja alipewa upande mwembamba mbele na urefu mwingi kwenda nyuma. Kwa hiyo nyumba hazikulala sambamba na uwanja. Zinaugeuzia ubavu mfupi, ule unaopanda mpaka kwenye ncha ya paa. Upande mmoja wa kiwanja kuna nyumba ya kuishi, upande wa pili kuna ghala la nafaka au nyumba ndogo ya wazee, na katikati kuna ukuta wenye lango. Lango kubwa la upinde ni la mkokoteni uliojaa nyasi kavu, mlango mdogo pembeni yake ni wa watu. Nyuma kabisa banda la kupuria nafaka limelala kwa upana na kuufunga ua, kwa hiyo majengo yanakaa kama herufi U. Nyuma ya banda kuna bustani ya miti ya matunda, halafu mashamba.

Ndani ya nyumba mpango ni wa mstari. Chumba kikuu kiko mbele, madirisha yake yanatazama uwanja, ili mwenye nyumba aone nani anapita. Kinafuata chumba cha kuingilia na jiko jeusi, lililoitwa hivyo kwa sababu ya moshi, kisha stoo, kisha zizi chini ya paa lilelile. Mifugo haikutengwa mbali: wakati wa baridi mkulima alifika kwa ng'ombe wake bila kukanyaga theluji.

Ile nyumba ndogo ya wazee inaitwa výměnek, na bila kuielewa huwezi kueleza kwa nini idadi ya mashamba haikupanda. Shamba halikugawanywa kati ya watoto. Lilikwenda kwa mmoja. Wenzake walilipwa fungu lao kwa fedha, mara nyingi kwa miaka mingi, au kwa mali waliyopewa na wazazi wakati wa ndoa, kisha wakaolewa au kuoa kwingine, wakawa mafundi, vibarua, askari, au wakaenda mijini hadi Vienna. Baba na mama waliokabidhi shamba walihamia výměnek, na jambo hilo liliandikwa kama mkataba katika daftari la ardhi. Mikataba ya Bohemia ya aina hii inaingia ndani kuliko mtu anavyotarajia: vipimo vingapi vya nafaka kwa mwaka, maziwa kiasi gani, kuni kiasi gani na nani atazipasua, matunda ya mti upi, haki ya kupita langoni na kuchota maji. Undani huo ulitokana na uzoefu mchungu. Palipoandikwa "watatunzwa ipasavyo" tu, ugomvi ulifuata mara mkwe alipoingia nyumbani, na mzee hakuwa na cha kumwonyesha hakimu. Palipoandikwa kiasi, deni lilijulikana. Sisi tunaona mkataba huu umekilinda kijiji kuliko sheria yoyote ya hifadhi ya urithi iliyokuja baadaye.

Kuhusu karne ya 17 na ya 18 tutapita haraka. Kumbukumbu kubwa ya wakati huo ni kanisa dogo la mwaka 1755 lililoko uwanjani, lililowekwa chini ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri aliyetupwa katika mto Vltava mwaka 1393 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1729. Sanamu zake utazikuta kwenye madaraja ya Bohemia nzima.

Mwaka 1848 mambo yaligeuka. Sheria ya tarehe 7 Septemba ilifuta utwana. Thamani ya yale ambayo wakulima walikuwa wakidaiwa ilikadiriwa, theluthi ikafutwa, theluthi ikabebwa na serikali, na theluthi ikalipwa na mkulima mwenyewe. Baada ya hapo nafaka aliyoivuna ilikuwa yake, na mji wenye soko ulikuwa karibu. Fedha ikaonekana kijijini. Wakati huohuo kujenga kwa mbao kulikuwa kumekatazwa kwa muda mrefu na amri za kujikinga na moto. Hivyo katika nusu ya pili ya karne ya 19 wenye mashamba walijenga upya kwa mawe na matofali, na mafundi wa vijijini wakazipa nyumba nyuso mnazoziona kwenye picha: kingo zilizopindapinda kama mawimbi, nguzo za lipu, mapambo meupe juu ya njano, waridi au kijani hafifu, vishubaka vya watakatifu, na mara nyingi mwaka wa ujenzi. Wacheki wanauita mtindo huu baroko la wakulima. Mtindo wa baroko ulikuwa umekwisha pita mijini miaka mia moja kabla. Mafundi walichukua walichokiona makanisani na kwenye majumba ya kifahari, wakakipunguza kikatosha kwenye uso wa nyumba isiyo na ghorofa. Zunguka nyuma ya nyumba hizo utaona kuta za kawaida kabisa, kwa kuwa fedha ilitumika pale ambapo jirani angeona.

Jambo hili lisemwe wazi: nyuso hizo, ambazo leo ni fahari ya Cheki, zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha na uamuzi wa wakulima waliosema Kijerumani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Czechoslovakia iliwafukuza Wajerumani wapatao milioni tatu kutoka nchini. Wa Holašovice nao wakaondoka. Mashamba mengi yakabaki tupu au nusu tupu, na sheria ya mwaka 1949 ya vyama vya ushirika vya kilimo ikaondoa maana ya kuwa na ua wako, ghala lako na banda lako. Mapaa yakavuja. Lakini kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye fedha wala sababu ya kujenga upya, hapakuwa pia na aliyebomoa uso wa zamani ili aweke dirisha pana, kama ilivyotokea katika vijiji vingi vilivyokuwa na nafuu. Kijiji kilihifadhiwa na huzuni, na anayekisifia uzuri wake bila kuitaja huzuni hiyo anasimulia nusu ya habari.

Matengenezo makubwa yalianza mwaka 1990, baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka. Mwaka 1995 serikali ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi ya kijiji, na Desemba 1998, katika kikao cha Kyoto, UNESCO ikakiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha hiyo mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001.

Tumeitaja Zanzibar na Lamu kwa makusudi, kwa sababu ugonjwa unaozila kuta za huko ndio unaozila za Holašovice: saruji juu ya ukuta wa chokaa. Ukuta wa zamani hauna kizuizi cha unyevu chini. Maji ya ardhini hupanda ndani yake, na chokaa, yenye vitundu vidogo, huyaachia yatoke. Ukipiga lipu ya saruji umeziba njia. Maji hayaachi kupanda. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yakibeba chumvi. Chumvi ikikauka inatanuka na kusukuma lipu. Bohemia wana adui mwingine ambaye pwani yetu haina: baridi. Maji yaliyonaswa nyuma ya saruji yanaganda, yanatanuka, na lipu inaanguka kwa mabamba ikiondoka na uso wa tofali. Fundi anapoiona imeanguka huongeza saruji nene zaidi, na hapo ukuta umekwisha.

Kazi inayofaa inakwenda hivi. Saruji yote iondolewe kwa patasi, si kwa mashine ya kutikisa, na ukuta uachwe wazi ukauke kwa miezi, ikiwezekana kiangazi kizima. Chokaa iliyochomwa huzimwa kwa maji, na hapo huchemka kwa nguvu, kwa hiyo macho yafunikwe miwani; kisha hukaa shimoni ikiwa laini kama siagi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa bora. Mchanganyiko ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi wenye chembe kali za ukubwa tofauti. Uwiano huo una sababu: nafasi tupu kati ya chembe za mchanga ni karibu theluthi moja, na chokaa inatakiwa kuzijaza bila kubaki nyingi. Chokaa ikizidi, lipu inapasuka. Ikipungua, inachunika kwa kidole. Ukuta huloweshwa kabla ya kila tabaka. Tabaka la kwanza hurushwa jembamba lishike, la pili huwa na unene wa milimita 15 hivi, la mwisho jembamba sana, na kati yake hungojwa takriban siku moja kwa kila milimita. Lipu mpya ifunikwe kitambaa chenye unyevu isipigwe na jua, kwa sababu chokaa haikauki tu, inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na bila unyevu haiwezi kufanya hivyo. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi kazi isimame. Ya nje ifungwe mapema, vuli haijakolea, ili chokaa ipate wiki za kushika kabla maji hayajaanza kuganda. Rangi iwe ya chokaa pia, mikono mingi myepesi. Rangi ya plastiki juu ya kazi yote hiyo inarudisha tatizo mlangoni.

Makosa mengine mawili hayaonekani haraka. La kwanza ni kumwaga lami au zege hadi kwenye mguu wa ukuta: maji ya ardhini yaliyokuwa yakitokea kwenye nyasi sasa hayana njia isipokuwa ukutani. La pili ni madirisha ya plastiki. Madirisha ya zamani ya Bohemia ni pande mbili za vioo vyenye nafasi ya hewa katikati, na hupitisha hewa kidogo. La plastiki linaziba kabisa, mvuke wa jikoni unabaki ndani, na kuvu inaota kwenye pembe za chumba kikuu.

Mwenye nyumba Holašovice haanzi tu kufanya haya. Sheria namba 20 ya mwaka 1987 inamtaka aombe kwanza maamuzi ya idara ya hifadhi ya urithi ya mji wa České Budějovice, ambayo nayo hupata maoni ya maandishi kutoka Taasisi ya Taifa ya Urithi, ndipo inatoa masharti yanayomfunga. Anayenunua vifaa kabla ya masharti hayo hujikuta na vigae visivyokubalika. Kigae kinachotumika pale ni cha udongo, bapa, chenye mwisho wa mviringo, kinachoitwa bobrovka, yaani mkia wa biva, mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa. Kwa kupanga mara mbili huhitaji takriban 36 kwa mita moja ya mraba, uzito wa kilo 65 na zaidi, kwa hiyo kenchi zikaguliwe kabla ya kigae cha kwanza kupanda.

Kwa atakayefika, nyumba namba 6 ina maonyesho ya maisha ya mkulima. Malango mengine ni ya watu wanaoishi humo, na lango lililofungwa lisigongwe kwa ajili ya picha. Nenda asubuhi mapema, simama kwenye bwawa, tazama nyuso bila kusoma chochote. Halafu ifuate safu moja ya malango mpaka mwisho ukihesabu hatua kutoka lango hadi lango, ili miguu ijue upana wa viwanja ambao macho yaliusahau kwa sababu ya mapambo. Pita kwenye karakana ya zamani ya mhunzi na kwenye kanisa la 1755. Mwisho tafuta nguzo ya tauni. Imesimamishwa pale walipozikwa watu wa mwaka 1520 hadi 1525, waliokuwa wakiingia na kutoka kwenye viwanja hivyohivyo ulivyovipima kwa hatua.

Asanteni kwa kusikiliza.